Maharage Yameungua, Mfalme Kanaswa

Mapatano yalikuwa mepesi: atakayeshindwa ataosha vyombo vya siku nzima. Shemeji yangu akajichukulia kete nyeupe za sataranji kwa haki ya ukubwa. Binti yangu, ndiyo kwanza yuko kidato cha kwanza, akabaki na nyeusi, tena pungufu ya askari mmoja. Tukamtafutia kizibo cha soda, tukakiweka mbele ya mfalme wake.

Shemeji ni mtu wa kushambulia. Hatua ya nne tu, farasi wake yuko g5, anaikodolea macho f7. Wengi hapo hukimbilia kusukuma askari d5 wazibe njia. Binti akapeleka askofu c5, kana kwamba hakuona kitu. Kumbe ameona! Ndiyo kinga ya Karel Traxler, padri wa Bohemia, ambaye mwaka 1890 alishika nyeusi, akamwacha malkia wake aliwe, na bado akamnasa mpinzani wake, Reinisch, katika hatua ya 17.

Farasi akala f7, akawashika malkia na ngome kwa pigo moja. Shemeji akacheka. Askofu mweusi akaingia f2: cheki! Mfalme akamla. Farasi mweusi akala e4: cheki tena, mfalme akapanda e3. Malkia mweusi akatoka mpaka h4.

Hapa nilimsihi shemeji moyoni atulie, maana mfalme wake alikuwa uwanjani peke yake. Yeye akala ngome ya pembeni.

Nyumba nzima ilikuwa imeinamia ubao. Bibi akauliza harufu gani ile, hakuna aliyeinuka. Malkia akatua f4, ubavuni pa mfalme, na hakulika kwa sababu kizibo kilikuwa kinamlinda kutoka e5. Mfalme akarudi e2, akafukuzwa kwa malkia f2, akakimbilia d3. Farasi akamcheki kutoka c5, mfalme akajificha c3. Malkia akaja d4. Kizibo kikamlinda tena, na farasi wa c6 naye. Mfalme hana pa kwenda. Hatua 11 tu!

Hakubahatisha mwanangu. Njia ile aliisoma jioni nyingi, na nasema wazi kuwa ushindi ule ni wa jasho lake.

Maharage yalikuwa yameshika sufuria, meusi tititi. Shemeji alilisugua kwa majivu mpaka magharibi, nasi tukala chapati kwa chai.