Mluzi wa Ruaha Mbuyuni

Mpaka sasa nikisikia mtu anapiga mluzi, masikio yananiwaka. Juzi pale Ruaha Mbuyuni nilipunguza mwendo kwenye tuta, muuza vitunguu akanikimbilia dirishani. Nikajua biashara. "Baba, gari lako linapiga mluzi huko nyuma!" Nikamjibu kwa madaha kwamba, mama, gari la breki za upepo lazima lipumue. Sikumaliza. Mpira mwekundu ulipasuka, tela likakaza matairi, barabara ya Tanzam ikazibwa, na abiria wa mabasi wakateremka kunipa ushauri.

Tela halikukosea. Mpira mwekundu hujaza matangi ya tela. Wa njano hupeleka amri ya mguu wangu. Wengi hudhani upepo ndio unaokaza breki wakati wote. Wapi! Ndani ya kopo la breki mna springi nene iliyobanwa, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukitoroka, springi inafyatuka, gurudumu linafungwa. Wazo la breki kujikaza yenyewe lilianzia kwenye treni, kwa Mmarekani George Westinghouse katika karne ya 19: behewa likikatika, lisimame. Kwa hiyo mwekundu ukipasuka unaaibika tu. Wa njano ndio muuaji. Unanyamaza mpaka ukanyage breki, hapo upepo unamwagika nje na tela linakusukuma. Ombea lisikukute unashuka Kitonga.

Wala hakuna aliyeukata ule mwekundu. Mpira uliolegea hulala kwenye bamba la chuma nyuma ya kabini. Kila kona unaburuzwa, na vumbi lililoshikana na grisi linausugua kama msasa, mpaka nyuzi za ndani zichungulie. Ukiufupisha, kona kali inaung'oa. Dawa yake ni springi ya kuuning'iniza: uinuke juu ya bamba, ubaki na nafasi ya kujipinda. Springi hiyo nimemwomba tajiri tangu masika. Ana hela ya kuandika jina la mwanawe kwenye kioo cha mbele, kwa herufi zinazonizibia jua na barabara.

Utingo alikata palipopasuka, akaunga. Kuning'iniza sasa, kwa kamba gani? Yule mama akaja na ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia magunia, akanitajia bei ya debe zima la vitunguu. Mbele ya kadamnasi ile nilipunguziwa nini? Nililipa.

 

Niliporudi, tajiri alikata bei ya mpira kwenye posho yangu. Sababu aliyoandika, "uzembe wa dereva". Ukanda bado umeshikilia mipira yake yote miwili, lakini pesa niliyoulipia hakunirudishia. Anataka risiti.