Kwa Kamati ya Ujenzi, Kuhusu Bezaleli

Wapendwa Wazee wa Kanisa na Kamati ya Ujenzi,



Tangu mtangaze kuwa huu ni mwaka wa kumtumikia Mungu kwa ubora, washarika hatuna la kusema. Hata tungekuwa nalo, lisingesikika. Spika mpya zinafika mpaka stendi ya daladala, na vijana wa bodaboda ambao hawajawahi kukanyaga kanisani sasa wanajua siku ya mwisho ya kurudisha bahasha za ahadi. Huo nao ni uinjilisti.

Wasiwasi wangu ni Kitabu cha Kutoka, ambacho naomba kisisomwe ibadani mpaka paa likamilike. Sura ya 31 inamtaja Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu ili afue dhahabu, akate vito na kuchonga miti. Yaani Roho alishuka kwa ajili ya useremala! Kwetu Roho anangojewa mimbarani, na mhubiri ambaye hakujiandaa. Anasema atapewa la kunena, na kweli anapewa, saa nzima, yaleyale ya mwezi jana.

Sura ya 36 ni hatari zaidi. Mafundi walimwambia Musa kwamba watu wanaleta vitu kupita mahitaji ya kazi, naye akapiga mbiu kambini wasilete tena. Narudia taratibu, maana najua mtunza hazina anasoma: sadaka ilisimamishwa kwa sababu imetosha. Ni wazi Musa hakuwa na kamati. Angekuwa nayo ingemkumbusha vigae, uzio, na mnada wa yule jogoo wetu anayenunuliwa, akarudishwa madhabahuni, akanadiwa upya mpaka mwenyewe kazoea kipaza sauti.

Na sura ya 38, jamani, ni mapato na matumizi matupu! Dhahabu talanta 29 na shekeli 730. Fedha talanta 100 na shekeli 1,775, na hizo 1,775 zikatajwa zilikokwenda: kulabu za nguzo, kufunika vichwa vyake, na vitanzi. Walihesabu mpaka kulabu, jangwani, chini ya usimamizi wa Ithamari mwana wa Haruni. Sisi wenye wahasibu wa kusomea tumetosheka na taarifa ya "tunamshukuru Mungu, kazi inasonga."

Na wakati kazi inasonga, walimu wa Shule ya Jumapili wako palepale chini ya mwembe, chaki wanajinunulia, na watoto wao wanaijua Biblia kuliko baadhi yetu tuliovaa tai. Msiwaguse. Mwembe hauna jiwe la msingi la kumwitia mgeni rasmi.

Ombi langu ni dogo. Jumapili ijayo, mnada ukiisha na kabla ya tangazo la sare za kwaya, tusomeeni kulabu. Dhahabu iacheni, hayo ni mambo ya wakubwa.

Wenu katika Bwana,
Msharika wa benchi la nyuma