Moja Iko Wapi, Shemeji?

Ukilelewa na kwaya, kama nilivyolelewa mimi, unaamini kwamba kila wimbo una moja yake, na mwalimu akishusha mkono wote mnaiona. Kisha unaoa Ganda, nje kidogo ya Malindi, unakuta ukoo mzima unacheza mwanzele na hakuna aliyeshusha mkono.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyejitolea kunifundisha kayamba. Kwa macho ni chombo rahisi mno: tabaka mbili za mabua membamba yaliyofungwa bapa, na mbegu zimeachwa huru ndani. Unalishika kwa mikono miwili, unalitupa kushoto, unalitupa kulia, huku magumba yakigonga mabua. Kumbe mbegu zina safari yao. Mkono ukishafika, zenyewe bado ziko njiani, na mlio hutoka zikigonga ukingo. Kwa hiyo mkono sharti utangulie pigo. Mimi nilikuwa nalisubiri pigo ndipo nitikise, basi kayamba langu likawa linaitikia hodi wakati mgeni ameshakaa na chai anakunywa.

“Shemeji, moja iko wapi?” nikamwuliza.

“Moja ya nini?”

“Ya hesabu. Wimbo unaanzia wapi?”

“Umeshaanza, shemeji. Ingia.”

Nikaenda kuikokotoa nyumbani kwa penseli. Gawa mzunguko mmoja kwa sita. Mguu unakanyaga kwenye moja na nne. Magumba yanagonga kwenye moja, tatu na tano. Vinakutana kwenye moja tu. Ile nne ndiyo yenye kisirani: mguu unatua, magumba yamenyamaza, na mtu wa kwaya anajiona ameachwa na gari. Tatu ndani ya mbili, basi, hakuna zaidi. Hata chakacha ya harusini imo humo humo, na kina mama wa Malindi huipitisha kiunoni huku wakisimuliana habari za jirani.

Nikafanya mazoezi popote. Siku moja nimepanda matatu ya kwenda Kilifi, nimekaa dirishani, mguu sakafuni, vidole kwenye bati. Tulipofika Msabaha gari likasimama. Hakushuka mtu. Likaondoka. Gede likasimama tena. Dereva wetu alikuwa mtiifu kwa bati: likigongwa mara moja anasimama, mara mbili anaondoka, na mimi nilikuwa nampa tatu. “Nani anashuka?” makanga akafoka. Kimya. Matsangoni mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akavitazama vidole vyangu kwa muda, kisha akamwambia makanga, “Anayeshuka ni huyu baba, ila hajui wapi.” Mikono nikaikalia hadi Kilifi.

Mambo haya ya ngoma, lakini, si ya kuchezewa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wenzake kupinga ukoloni kwa kucheza kifudu kijiji hadi kijiji, mpaka Waingereza wakaona heri wamkamate wampeleke mbali, Kisii. Sijasikia kwamba kuna aliyemsimamisha amwulize moja iko wapi. Na kayamba lenyewe limesafiri kuliko mimi: kule kisiwa cha Réunion, walikopelekwa watumwa kutoka pwani zetu na Madagaska, wanalo hadi leo na wanaliita kayamb, nalo ndilo linaloendesha muziki wa maloya. Mwaka 2009 UNESCO iliingiza maloya katika orodha zake za urithi, na mwaka huohuo ikaziingiza mila za kaya za Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo. Kisiwa kizima kimelielewa kayamba toka enzi za utumwa. Mkwe wa Ganda ndiye bado anatafuta nne.

Ikaja harusi. Nikawekwa mwisho wa safu, mahali pa kutodhuru mtu, nikawa natikisa huku midomo inahesabu chinichini. Bibi yake mke wangu, ambaye kwa utani huniita mume, akaiona ile midomo.

“Jamani, njooni! Mume wangu anahesabu noti!”

Kumbe mtu anayenong’ona tarakimu katikati ya ngoma ana jambo moja tu: anapanga kutuza. Vigelegele vikapasuka, kina mama wakanizunguka na sketi zao za hando zikitikisika kila upande, na hakuna mkwe mwenye akili atakayesema pale kwamba alikuwa anatafuta pigo la nne. Kayamba nikalibana kwapani, mkono mmoja ukaingia mfuko wa shati, mwingine wa suruali. Na hapo, nikiwa nimeshughulika na kutenganisha mia na mia tano, mguu wangu uliokosa msimamizi ukaanza kukanyaga sawasawa.

“Eeh! Ndiyo hiyo hiyo!” akasema bibi.

Nikainama kuutazama nijue ni moja au ni nne. Ukapotea.

Noti nikazipachika, nyingine zikaanguka mchangani. Shemeji akaweka kayamba lake chini, akaziokota, akaanza kuzihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, bila kukosea hata pigo.