Baba Mdogo na BTU Zake

Baba mdogo alipostaafu aliapa kwamba jasho la Dar es Salaam limemtosha. Akaenda Kariakoo kununua kiyoyozi kwa kanuni ileile anayonunulia sufuria na jenereta: ukiwa na pesa, beba kikubwa. Muuzaji alipouliza ukubwa wa chumba, akajibiwa, "Mwanangu, wewe niuzie, chumba ni changu."

Akarudi na mtambo wa BTU 24,000, kipimo cha nguvu ya kupoza. Chumba chenyewe ni mita tatu kwa nne, 9,000 zingekitosha. Fundi alitazama mtambo, akatazama kitanda, akasema, "Mzee, hii ni ya ukumbi." Baba mdogo akamshukuru.

Usiku wa kwanza tulipiga makofi. Dakika chache tu, chumba kikawa bucha. Mtambo ukajizima. Baada ya muda ukanguruma tena, taa za nyumba nzima zikafifia. Washa, zima, mpaka alfajiri. Mama mdogo akawa analala na soksi, sweta na blanketi alilonunua kwa ajili ya Njombe. Hata hivyo shuka zilikuwa na majimaji, na viatu vya baba mdogo vya kanisani vikaota ukungu kabatini. Yeye akashuku paa linavuja, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha.

Kumbe kiyoyozi hakipozi tu, hukausha pia. Mvuke wa chumbani hugeuka maji kwenye koili baridi, maji yakatoka nje kwa kibomba. Kazi hiyo inataka muda. Mtambo mkubwa mno huifikia baridi uliyoiagiza haraka, ukajizima kabla haujaikamua hewa. Na unyevu ndio uliozaa mashine hizi: Willis Carrier alipobuni ya kwake mwaka 1902, haikuwa kwa kumhurumia mtu anayetoka jasho. Kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kilikuwa kinasumbuliwa na karatasi zinazovimba kwa unyevu, rangi zikawa hazikai mahali pake. Baba mdogo alikuwa amelipa zaidi ili akose kazi hiyohiyo.

Jirani yetu naye aliokoa pesa. Alifunga cha 9,000 kwenye sebule iliyoungana na jiko, juu bati tupu bila dari, dirisha kubwa likitazama magharibi. Kikawa kinaunguruma kutwa bila kupumzika, uniti za LUKU zikiyeyuka, watu wakijipepea kwa magazeti. Katika makadirio yanayotumika sana, jiko peke yake huongezewa BTU 4,000, na kila mtu baada ya wawili wa kwanza, 600. Shemeji wa huyo jirani, anayetazama mpira akiwa amesimama, sijui angeandikiwa ngapi.

Fundi ndiye aliyependekeza wabadilishane. Mitambo ikahama Jumamosi moja; ubishi wa pesa za kuongezea ulichukua muda mrefu zaidi. Jirani alitaka kulipa kidogo kwa kuwa cha mwenzake kimetumika. Baba mdogo akauliza cha huyo jirani kilikuwa kinafanya nini kutwa nzima, kinafunga? Mwisho walikubaliana fedha kiasi, pamoja na haki ya baba mdogo kwenda kutazama mpira pale sebuleni.

Huwa anakuja na mimi, wanangu wawili na fundi. Jirani ameanza kutuhesabu mlangoni.