Ndevu za Philips

Meza ya fundi redio, soko la Masisi, mashariki mwa Kongo. Redio ya Philips imefunguliwa mgongo. Kando yake kuna Simu iliyopasuka kioo, na Bati, waya mwembamba wa kuunganishia nyaya.

SIMU: Jambo, mzee. Unaumwa nini?

REDIO: Jambo, mjukuu. Nimeota ndevu.

SIMU: Wapi? Mbona sizioni?

REDIO: Ndani. Nina transista za AF117, za miaka ya 1960. Kila moja imefungiwa kwenye kikopo, na ndani ya kikopo bati limeota nywele, nyembamba hata jicho halizioni. Zikigusa transista, mimi bubu.

SIMU: Dawa yake?

REDIO: Transista ina miguu minne. Fundi anakata ule wa kikopo, sauti inarudi.

SIMU: Akatwe mguu ndipo asimame! Kumbe nawe raia wa nchi hii.

REDIO: Cheka tu. Sauti ya Amerika iliponyamaza Machi 2025, fundi alinifungua bure, akidhani ni ndevu. Kumbe wamezimwa kwao.

BATI: Basi tuanze kazi, makaa yameshika, chuma kinaiva.

REDIO: Ngoja. Kuna mkusanyaji wa vitu vya kale kutoka Ulaya ananitaka. Ameagiza nisiguswe, hata vumbi lisifutwe. Ataniweka kabatini pamoja na Regency TR-1, ile redio ya transista iliyotangulia kuuzwa Marekani mwaka 1954. Wewe Bati hasa amekukataa. Eti u mgeni.

BATI: Mgeni nani? Mimi nimechimbwa Bisie, kule Walikale! Nimebebwa mgongoni msituni hadi Njingala, kila kizuizi kikinitoza ushuru. Kilambo ndege ikatua katikati ya barabara, ikanichukua hadi Goma. Nikayeyushwa ng'ambo, nikarudi hapa na bei ya kizungu. Sasa naulizwa kwetu wapi?

SIMU: Hata mimi nina madini ya tantali tumboni, na Rubaya yanakochimbwa si mbali na hapa. Sijawahi hata kusalimia. Tangu waasi wa M23 waingie pale mwaka 2024...

REDIO: Punguza sauti.

SIMU: Nani atanisikia? Mtandao hakuna, chaji asilimia tatu.

BATI: Mzee, jibu. Mkusanyaji anatoa ngapi?

REDIO: Dola mia, nikiwa bubu.

BATI: Na ukisema?

REDIO: Mama mwenye redio atamlipa fundi kwa kipande cha jibini.

SIMU: Hesabu hiyo hata mtoto anaijua.

REDIO: Mama ananiwasha jioni, majirani wanajaa uani, wanabishana na mtangazaji kana kwamba anawasikia. Kabatini nitabishana na nani? Fundi akate mguu. Mkusanyaji akirudi, mpeni Simu. Chaji ikiisha, huyu ni bubu kunishinda.

SIMU: Mzee! Mimi nimetengenezwa 2019!

BATI: Wenzako wa mwaka huo kule Ulaya wametupwa zamani. Atakulipia hata hilo vumbi.