Mgeni Anayekataa Ebitoke

Hapa Karagwe, ukitaka kujua una ndugu na majirani wangapi, usingoje msiba. Leta paka. Kwenye msiba watu huja na pole. Kwa paka huja na maelekezo, na kila mwenye maelekezo hukaa mpaka ahakikishe yametekelezwa.

Chanzo cha yote ni maharage. Mkulima wa Karagwe au wa Kyerwa akishavuna maharage hulala nayo ndani, maana bei ya msimu wa mavuno ni ya kumtoa mtu machozi, na mwenye subira hupanga magunia ukutani akingoja ipande. Panya nao wana subira. Wetu walitoboa magunia kwa chini, upande wa ukutani usioonekana, wakawa wanakula kwa zamu, na sisi tunapita hapo kila siku tukisifu jinsi mzigo ulivyosimama vizuri. Sumu mke wangu aliikataa, na ana haki. Panya aliyekula sumu hafi palepale alipoila. Hutoka akiyumbayumba, akaenda kufia kwa jirani, akaliwa na mbwa wa jirani, na kesho mko mbele ya mwenyekiti wa kitongoji mnajadili bei ya mbwa. Ikaamuliwa atafutwe paka. Mimi nilijulishwa baada ya uamuzi.

Mama mkwe anakaa Nkwenda, na kwake paka huzaliana bila kuombwa. Zamani ningesema tumemtoa mnyama pembe moja ya Karagwe tukamleta nyingine. Lakini tangu mwaka 2012 Kyerwa ni wilaya inayojitegemea, kwa hiyo huu ulikuwa uhamisho wa wilaya hadi wilaya, na kila mtumishi wa umma anajua mambo ya uhamisho. Aliyehamishwa hufika amenuna. Huuliza nyumba iko wapi, posho ya kujikimu iko wapi, na mpaka apate majibu kazi haigusi. Mimi ni mwalimu, nimeona uhamisho wa kila aina, hata wa mtu aliyekuja na kitanda bila godoro ili serikali ione aibu. Huyu paka amewashinda wote.

Alisafiri ndani ya gunia. Hilo lilikuwa agizo la mama mkwe: asione njia, la sivyo atarudi Nkwenda kwa miguu kabla sisi hatujamaliza kunywa chai. Agizo la pili lilikuwa kwamba tukifika Omurushaka gari lizunguke pale njia panda, ili paka apoteze mwelekeo kabisa. Dereva wa Hiace akakataa. Alisema akianza kuzungusha abiria kwa ajili ya paka, wiki ijayo ataletewa bata. Basi paka akalia njia nzima, na abiria wakaanza kamati. Mama mmoja akasema ana njaa, mzee akasema ana joto, kijana wa nyuma akasema anamlilia mama yake na sisi ni watu wabaya. Tulipofika Kayanga paka alikuwa amenyamaza. Aliyekauka koo kwa kuomba radhi nilikuwa mimi.

Nikaenda kumtafuta bwana mifugo, maana nilitaka neno la kitaalamu moja nilitumie kuwanyamazishia wote. Akaniuliza ng'ombe ni wangapi. Nikamwambia ni paka mmoja. Akatulia kidogo, kisha akaniuliza tena ng'ombe ni wangapi. Kwa mtu anayeshinda na ng'ombe wenye pembe za kupima kwa futi, suala langu lilikuwa mapumziko. Hata hivyo alinijibu vizuri. Mweke chumba kimoja, alisema, usimpe nyumba nzima siku ya kwanza, atachanganyikiwa. Maji yawepo, chakula kiwepo, sanduku la mchanga liwe mbali na chakula, na apate mahali pa kujificha. Msimtoe mafichoni, msimkodolee macho, msimbebe. Atatoka mwenyewe akiona nyumba haina shari. Nje asitoke kwa wiki kadhaa, mpaka hapa pawe kwao. Akaongeza kwamba kichaa cha mbwa hakimwogopi paka kwa sababu tu kimepewa jina la mbwa, kwa hiyo achanjwe.

Ushauri huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: haukumpa mtu yeyote kazi ya kufanya. Na huku kwetu mgeni hawezi kuachwa hivihivi. Akiingia mgeni, kabla hajamaliza kukaa, ameletewa kahawa ya kutafuna. Akimaliza habari za safari, ebitoke, ndizi zetu za kupika, vimeshamenywa. Na muda wote huo kuna mtu ameketi naye, hata kama hawana la kuongea. Kumfungia mgeni chumbani peke yake na bakuli la maji ni jambo ambalo likisikika Bugene na Nyaishozi, ukoo mzima unavuliwa nguo.

Tena ukarimu wetu si wa jana. Mwaka 1861 Omukama (mfalme) Rumanyika aliwapokea hapa Karagwe wasafiri wawili kutoka Uingereza, Speke na Grant, waliokuwa wakisaka chanzo cha mto Nile. Speke akaendelea na safari yake kwenda Buganda. Grant, mguu ukiwa umemharibikia, akabaki hapa miezi kadhaa akiuguzwa na kulishwa. Katika habari zake zote sijaona mahali palipoandikwa kwamba aliingia chini ya kitanda cha mwenyeji wake akakataa kutoka, au kwamba aliletewa chakula akakinusa, akakigeuzia mgongo, akaanza kukifukia.

Huyu paka alifanya hivyo. Shangazi yangu, aliyekuja kusalimia akakaa, alimpelekea ebitoke vilivyopikwa kwa maharage, tena vya kwenye sahani. Paka akanusa, akakwangua sakafu pembeni ya sahani, kile kitendo anachofanya akitaka kuzika kitu kingine kabisa. Shangazi hakusema neno. Alitoka akaketi barazani, akajifunga kanga upya. Nikajaribu kumweleza kwamba paka ni mla nyama tangu kuumbwa, na kwamba wataalamu waligundua mwaka 2005 kuwa ulimi wake hausikii utamu, jeni ya kuutambua imekufa kwenye ukoo wao wote. Ndizi kwake ni sawa na ubao. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ungeniambia kuwa ni mgonjwa."

Tangu hapo akawa anakwenda kumpa pole. Anaweka kigoda mlangoni na kuongea na kitanda: habari za mvua, bei ya kahawa ya maganda, nani ameoa Murongo na hajaleta mahari. Mgeni haachwi peke yake, anasema. Paka yuko kule ukutani, masikio yamelala, anasubiri shari iishe, na shari ina mengi ya kusimulia.

Jirani wa upande wa chini akaleta maziwa. Bwana mifugo alikuwa ameshasema kwamba paka akikua tumbo lake halipatani tena na maziwa, maji yanamtosha. Lakini maziwa ya jirani hayakataliwi, na jirani alitaka kuona yakinywewa kwa macho yake. Yalinywewa. Matokeo yalipotokea usiku, jirani alikuwa kwake amelala.

Sasa kuhusu chumba. Chumba kimoja ambacho bwana mifugo alikitaja kwa wepesi, katika nyumba yangu kilikuwa chumba changu cha kusahihishia madaftari. Nikahamishiwa jikoni, kwenye moshi, pasipo posho. Sanduku la mchanga likajazwa mchanga na majivu ya jiko, kwa kuwa majivu hufyonza harufu na huku hatuyanunui. Tatizo la majivu ni kwamba hutembea. Usiku mgeni alikuwa anatoka kukagua, akipita juu ya meza, juu ya madaftari, na kila hatua inabaki. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alinijia na daftari la Hisabati kuuliza kama ile alama ni vema au kosa. Nikaangalia jibu lake. Nikamwambia ni vema. Mnyama alikuwa amesahihisha vizuri kunishinda.

Kwa sababu hiyo, na kwa ile tabia ya kupita kila kona, kutazama kila kitu, asiseme lolote, kisha aondoke akiwa hajaridhika, watoto wakamwita Mkaguzi. Siku hizi wakaguzi wa shule wanaitwa wathibiti ubora, lakini mwendo ni uleule. Alianza kupitisha shavu lake kwenye miguu ya meza, kwenye magunia, kwenye mlango. Bwana mifugo anasema paka ana harufu yake mashavuni na hapo anaiacha ili mahali pamnukie kwao. Mimi nilielewa kwamba anapiga muhuri. Amekagua, amekabidhiwa nyumba, na mimi nimo kwenye orodha ya samani.

Kinachonikera zaidi ni dagaa. Tulimleta aje ale panya, chakula cha bure kilichojaa nyumba nzima. Lakini mgeni hawezi kuanza kazi na njaa, alisema mke wangu, kwa hiyo wakanunuliwa dagaa wa ziwani, wakachambuliwa, wakaondolewa mchanga, wakachemshwa bila chumvi. Sisi tukala maharage. Nilipouliza kama kuna dagaa waliobaki nikaambiwa wamebaki, ila ni wa Mkaguzi wa asubuhi. Labda ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: Wafaransa walifukua kaburi kule Cyprus, wakatangaza mwaka 2004 kwamba mtu aliyezikwa humo yapata miaka 9,500 iliyopita alikuwa na paka pembeni yake. Miaka elfu tisa na zaidi ya kuishi na binadamu, na bado huyu ananiangalia kama nimeingia kwake bila hodi. Yule wa Cyprus nina mashaka naye pia. Nadhani alizikwa na paka kwa sababu mke wake alikataa paka aachwe nyuma.

Kilichomtoa chini ya kitanda mbele ya watu si dagaa, si mazungumzo ya shangazi. Ni senene, wale panzi wa kuliwa. Ilikuwa Novemba, mvua imekatika jioni, umeme uko (nalo ni jambo la kutajwa), na senene wakaanza kushuka kwenye taa ya barazani. Nyumba nzima ikatoka na ndoo. Wenye mitambo yao ya mapipa na mabati walikuwa wanawasha taa kali kule mlimani, lakini hata wa barazani wanatosha kwa familia. Mlango ukabaki wazi, pamoja na amri zote za bwana mifugo. Wakati tunainama na kuinuka, kitu kikapita katikati ya miguu yetu, kikaruka, kikatua na senene mdomoni. Mkaguzi. Hakukimbilia Nkwenda. Alikimbilia taa. Alishika kwa mikono miwili, akatafuna mabawa, miguu na vyote, akarudi kwa mwingine, akamnyang'anya mwanangu mmoja aliyekuwa kwenye kidole chake.

Watu wazima huku wanajua utaratibu wa zamani: wanawake na watoto walikusanya senene, na waliokaangwa walikuwa wa baba, mke hakuonja. Utaratibu huo umekufa na sitaki ufufuliwe, maana nina binti. Lakini sikutegemea urithi wake uende nilikouona ukienda. Asubuhi sahani ya kwanza kutoka jikoni ilipita mbele yangu, ikaenda kuwekwa sakafuni. "Amechoka," mke wangu akasema, "amefanya kazi usiku kucha."

Kazi gani? Panya hajamkamata hata mmoja, au kama amekamata hajaleta taarifa. Ni kweli magunia hayatobolewi tena. Bwana mifugo anasema harufu ya paka peke yake humfanya panya afikirie kuhama. Walihama. Wamehamia kwa jirani wa upande wa chini, yule wa maziwa, ambaye juzi alikuja kunieleza kwamba panya *wangu* wanakula mahindi yake, na kwamba kwa kuwa alichangia maziwa katika kumlea huyu paka, haoni ubaya akimwazima siku mbili tatu. Shangazi akamjibu kutoka kwenye kigoda kwamba mgeni haazimwi. Bado anamwita mgeni, na bado anamsimulia bei ya kahawa.

Jana mama mkwe akapiga simu. Hakuniuliza habari za kazi wala za watoto. "Amezoea?" Nikaona mtego. Nikisema hajazoea, atasema anakuja mwenyewe kumzoesha, na mama mkwe akiwa ndani ya nyumba mwanaume hata kukohoa hukohoa kwa heshima; huwezi kupita sebuleni na taulo, huwezi kunung'unika kuhusu dagaa. Nikasema, kwa sauti ya furaha, amezoea kabisa mama, amekuwa wa nyumbani.

Akafurahi. Akasema basi vizuri, maana ndugu wa huyo paka amebaki peke yake kule na hana raha, atampandisha gari la kesho asubuhi. Niende nikampokee Omurushaka. Na nisisahau kumrudishia gunia lake.