Muulize Shangazi: Mizani ya Shilingi Mia Mbili

Wiki hii barua zote zimekuja na tumbo. Hakuna aliyeuliza habari za mahari, hakuna aliyemsema wifi. Hata yule baba wa Kigogo anayeniandikia kila mwezi kuhusu mpaka wa kiwanja chake, safari hii kauliza kama parachichi linanenepesha. (Ukila matatu, baba, linanenepesha.)

*Shikamoo Shangazi. Tangu Januari nimejaribu mipango minne. Nilianza na matango na mayai, nikapungua kilo 4 kwa wiki. Nikaacha, zikarudi zote ndani ya siku tisa. Nikahamia mlo mmoja kwa siku, nikawa nagombana na wateja dukani. Nikaacha wanga kabisa. Sasa nakunywa chai ya kukata tumbo niliyouziwa na shoga yangu, na siendi popote pasipo na choo. Je, mizani inanidanganya? – Mchovu wa Matango, Tabata*

Marahaba mwanangu. Mizani haidanganyi, ila inapima kila ulichopanda nacho, na maji yamo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu 3 hivi. Ukijinyima ugali wiki nzima, akiba inatumika, maji yanatoka, na wewe unaupigia mkojo vigelegele. Siku ukirudia wali, akiba inajaa na maji yake yanarudi. Sehemu kubwa ya zile kilo 4 haikuhama kwako, ilikwenda kusalimia tu.

Hiyo chai nayo, isome pakiti. Nyingi zina sanamaki, dawa ile ile ya kuendesha waliyotunywesha bibi zetu tulipofunga choo. Kazi yake ni kwenye utumbo mpana, na mafuta ya chapati yako yalishanyonywa zamani kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na heshima yako. Iache leo. Shoga yako mrudishie pakiti, hela usimdai, mtakosana bure.

Na kuacha wanga usidhani kumegunduliwa juzi. Mwaka 1863 bwana mmoja wa London, William Banting, alitoa kijitabu akieleza alivyoacha mkate, sukari, bia na viazi, akapungua kilo 20 hivi. Kazi yake ilikuwa mazishi. Mtu aliyezoea kupima upana wa majeneza ana sababu nzuri ya kuogopa upana wake mwenyewe.

Sikucheki, nimepita huko huko. Mwaka 2016 nilikula supu ya kabichi siku saba. Kabichi asubuhi, kabichi mchana, usiku naota kabichi. Siku ya tano nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa kijana mmoja aliyeweka mizani yake chini juu ya boksi lililokunjuliwa. Mia mbili kupima. Nikavua kandambili, nikamkabidhi mkoba. Mshale ukaenda pale pale pa wiki iliyopita. Nikavua saa. Nikavua mtandio. Nilipoanza kuhangaika na hereni, kijana akasema kwa upole kabisa, "Mama, hata ukivua hizo, ni zile zile." Watu watatu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu. Nikalipa mia tano, chenji sikudai, na jioni ile nikala chipsi mayai nikiwa nimesimama.

*Shangazi, maji ya ndimu ya uvuguvugu asubuhi yanayeyusha mafuta? – Mdadisi, Dodoma*

Hapana. Ndimu hukata shombo ya samaki. Ukiinywa kila siku bila kusukutua, inakula na meno.

*Shangazi, salamu. Mke wangu anajipunguza tangu mwezi wa pili na nyumba nzima tunajipunguza naye. Usiku tunakula mchicha wa kuchemsha na kipande cha boga. Mimi ni fundi ujenzi. Saa nne natoka kama naenda kununua vocha, kumbe naenda kwa muuza chipsi. Juzi kakuta kijiti cha mshikaki kwenye mfuko wa shati langu. Hajasema kitu, kakiweka juu ya televisheni. Cha ajabu, yeye hapungui, mimi nanenepa. Nifanyeje? – Fundi, Mbagala*

Fundi, kile kijiti juu ya televisheni ni barua. Ijibu leo, kabla hajaongeza cha pili.

Mwambie kwamba mtu anayebeba zege mchana kutwa halali na boga. Mwenye njaa asipopewa nyumbani atakula barabarani, na huko barabarani hachagui. Sahani ya chipsi imezama kwenye mafuta, yanakuja mayai, juu yake mishikaki miwili, kisha soda ya kuteremshia. Mililita 300 tu za soda nyingi zina sukari ya vijiko saba hivi vya chai. Hapo umemaliza posho ya nyumba mbili.

Kwamba yeye hapungui, hilo nitakunong'oneza, maana nami nimo. Nani anapika? Nani anaonja mchuzi mara nne "kuangalia chumvi"? Nani anamalizia uji wa mtoto usitupwe? Na ukoko, Fundi. Mpishi hukaa jikoni peke yake na sufuria, anaukwangua kwa kijiko, nao ukoko hauhesabiki kwa sababu haukupakuliwa kwenye sahani. Miaka mitatu niliandika kila nilichokula kwenye daftari la mistari, na ukoko haukuonekana hata mara moja.

Kilichonisaidia ni kitu cha aibu kwa udogo wake. Kwetu kidumu cha mafuta cha lita 5 tulikitoboa mfuniko kwa msumari, matundu mawili, ukikiinamisha kinachururika. Siku moja nikapokea kwenye kijiko kile nilichozoea kumwaga kwenye mboga ya watu wanne. Vilijaa vijiko tisa vya chakula. Kijiko kimoja cha mafuta ni kama kalori 120. Sasa natia vitatu, na mpaka leo hakuna aliyeuliza. Mwambie mkeo arudishe ugali na maharage mezani, kijiko kikae kando ya kidumu. Na wewe vocha zinunue mchana.

*Shikamoo Shangazi. Nimepungua kilo 12 kwa mwaka mmoja, kwa kutembea na kuacha soda na maandazi. Nimepima kila kitu, niko mzima. Lakini kila msiba au harusi watu wananivuta pembeni: "Unaumwa nini?" Mama yangu analia. Juzi kaniletea uji wa lishe kwenye chupa ya chai, kutoka Korogwe mpaka Tanga mjini, kwa basi. – Mwembamba wa Makusudi, Tanga*

Marahaba mwanangu, hongera.

Huyo mama usimjibu kwa hasira. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi, kabla dawa hazijawafikia watu, kukonda kulikuwa habari mbaya inayotembea kwa miguu. Watu wa umri wa mama yako walijifunza kusoma shingo na mikono ya wenzao. Walimwona jirani akitoboa mkanda wake tundu jipya, kisha jingine, kisha wakaenda kuchimba kaburi. Mtu aliyepitia hayo, ukimwambia "ni mazoezi tu", anasikia maneno yale yale aliyoambiwa wakati ule.

Mchukue mkatembee wote jioni. Akuone unavyopanda kilima bila kuhema huku yeye anakuomba mpumzike. Kisha rudini, uji wake unywe kikombe kimoja mbele yake, na majibu ya vipimo umsomee mwenyewe, mstari kwa mstari. Wale wa harusini waache waulize, wakimaliza wataanza kuuliza utaolewa lini.

*Shangazi, unatushauri sana. Wewe una kilo ngapi? – Msema Kweli, Morogoro*

Nilikuwa 94. Nikashuka mpaka 79, nikashona magauni manne ya kilo 79, nikapanda tena. Magauni mawili kayachukua mpwa wangu, mawili yapo sandukuni na nondo. Leo asubuhi, kwa khanga moja na bila hereni, ni 86. Jumatatu iliyopita ilikuwa 86 na nusu, nimeandika kwenye kalenda ya ukutani. Kama ni mafuta au ni maji, Mchovu wa Matango anaweza kukueleza sasa.

Barua zilizobaki nitazijibu wiki ijayo. Mpwa wangu anaita kutoka jikoni, anauliza ukoko anakula nani.